Hesabuni saa za usingizi kabla ya kutafuta kamba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wasomaji wa Tanga, hasa wale wanaolala nyumba moja na mtu mwenye ugonjwa wa baipola. Wengi wa wagonjwa hawa hufika hospitali mara ya kwanza wakiwa wamefungwa kamba, wameshikiliwa na vijana ndani ya bajaji, mama analia nyuma. Ukiwauliza ndugu yameanza lini, watakwambia: "Jana usiku, ghafla tu." Ukiuliza tena kwa utaratibu, unakuta hiyo ghafla ina wiki mbili au tatu. Zimepita siku ambazo kijana alikuwa akilala kidogo mno na kuamka mwepesi, anafagia uwanja saa tisa za usiku, anawapigia simu watu aliopoteana nao miaka mitano. Hakuna aliyeona ubaya. Wengine hata walishukuru: jamani, siku hizi amechangamka.

Barua hii ni kwa ajili ya siku hizo, kwa sababu ndizo siku ambazo ugonjwa bado unashikika kwa mikono miwili bila kamba.

Baipola ni ugonjwa wa mhemko wenye nyuso mbili. Uso mmoja ni mania: mhemko unapanda kupita kiasi, mwili una nguvu zisizoisha, mawazo yanakimbizana, ulimi haupumziki. Uso wa pili ni sonona: kila kitu kinazama, hamu inakufa, mwili unakuwa mzito kama gunia lililoloa. Kati ya nyuso hizo mgonjwa anaweza kukaa miezi au miaka akiwa mzima kabisa, anafanya kazi, anasimamia nyumba, anasuluhisha ugomvi wa majirani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi nao. Mara nyingi huanza ujanani, katika miaka ya mwisho ya shule au ya mwanzo wa kazi na ndoa, na kwa sababu hiyo huonekana kama utundu, kiburi, au mapenzi yaliyomharibu mtu.

Watu wa pwani wanajua bamvua na maji mafu, na wengi hupenda kuufananisha ugonjwa huu na maji ya bahari. Mfano ni mzuri ila una kasoro moja kubwa: bamvua lina kalenda. Mvuvi wa Tongoni akitazama mwezi anajua maji makubwa ni lini. Baipola haina kalenda. Mtu mmoja atapata mania mara mbili katika umri wake wote, mwingine atapata vipindi vinne au zaidi ndani ya miezi 12. Kinachoweza kusomwa mapema, kwa wagonjwa wengi, ni usingizi.

Kabla ya kufika huko tuondoe kosa moja linaloenea mitaani. Vijana wamechukua neno baipola kumwita mtu aliyenuna asubuhi akacheka jioni. Hiyo ni tabia, au njaa, au maudhi ya dunia. Kipindi cha mania huhesabiwa kwa siku: mabadiliko yadumu angalau siku 7, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, au yawe makali kiasi cha kulazimisha mtu alazwe hata kabla siku hizo hazijatimia. Haipomania, yaani mania nyepesi ambayo haijamvunjia mtu kazi wala kumpeleka wodini, huhesabiwa kuanzia siku 4. Sonona huhesabiwa kuanzia wiki 2. Wapo pia wanaopata vyote kwa pamoja: mwili unakwenda mbio kama wa mania huku moyo una giza la sonona. Hao ndio wa kuwaangalia kwa karibu kuliko wote, maana wana mawazo ya kufa na nguvu za kuyatekeleza.

Sasa usingizi. Kuna kukosa usingizi, na kuna kutouhitaji. Mwenye deni, mwenye mtoto mchanga, mwenye mawazo ya kazi, hujigeuza kitandani usiku kucha. Asubuhi macho mekundu, mchana anasinzia dukani. Huyo amekosa usingizi na mwili wake unaudai. Mtu ambaye mania inampanda hulala kwa muda wa saa 3 au 4 tu, huamka kabla ya adhana ya alfajiri akiwa na mipango mitano, na mchana wote hasinzii. Ukimwambia apumzike anakushangaa wewe uliyechoka bure. Mwili wake haudai chochote. Mtu mwenye historia ya baipola akikaa hivyo usiku wa pili mfululizo, msisubiri wa tatu.

Tena usingizi uliopungua haubaki kuwa dalili tu, hugeuka kuni. Mhemko ukipanda usingizi hupungua, na usingizi ukipungua mhemko huzidi kupanda. Ndiyo maana chanzo cha kipindi kizima huweza kuwa kitu kidogo kilichomkesha mtu: ngoma ya harusi ya siku tatu, safari ya basi la usiku, mkesha wa maombi, msiba, zamu za ulinzi, mtihani. Wavuvi wa dagaa wanaokwenda na taa nyakati za giza la mwezi hukesha wiki nzima kwa kazi. Mwenye baipola katika kundi hilo angefaa apewe kazi za mchana, kushona nyavu, kuanika, kuuza mnadani. Mirungi, ambayo watafunaji huisifu kwa sababu hiyo hiyo ya kufukuza usingizi, ni petroli juu ya moto. Bangi huongeza uwezekano wa mania kurudi na huifanya iwe kali. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa stendi, na hata kahawa ya barazani, visipite adhuhuri kwa mgonjwa huyu. Tunajua ilivyo ngumu kumwambia mtu wa Ngamiani asinywe kahawa ya jioni na wenzake, lakini anaweza kwenda barazani akala kashata na kunywa maji.

Shika daftari la shule la kurasa 48. Kila ukurasa chora mistari mitano: tarehe, saa aliyolala, saa aliyoamka, mhemko kwa namba kuanzia kutoa 3 hadi jumlisha 3, sifuri ikiwa kawaida yake, na mstari wa mwisho wa dawa: amemeza au hakumeza. Mgonjwa mwenyewe aandike akiwa mzima. Anapoanza kupanda au kuzama, anayelala naye chumba kimoja au chumba cha jirani aandike kwa ajili yake. Dakika moja asubuhi inatosha. Mwanamke aongeze alama ya siku zake za hedhi. Baada ya miezi mitatu daftari hili litaonyesha jambo ambalo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kulionyesha: kwamba huyu huanza na usingizi, yule huanza na kununua, mwingine huanza na ugomvi na shemeji yake. Kila mgonjwa ana mlango wake, na mlango huo mara nyingi hubaki ule ule kipindi hata kipindi.

Siku mnapoona namba zimebadilika, fanyeni haya siku hiyo hiyo. Zimeni taa na runinga saa tatu usiku na simu itoke chumbani, hata kama anasema ana biashara ya kumaliza. Msimwache aende mkesha wowote. Hakikisheni amemeza dawa zake zote. Dozi zilizorukwa ndiyo sababu ya kwanza ya kuitafuta. Asubuhi nendeni kliniki na daftari mkononi, msisubiri tarehe ya kadi. Daktari anaweza kuongeza dozi kidogo au kuongeza dawa ya usiku kwa siku chache, na mara nyingi kipindi huishia hapo. Mkisubiri wiki mbili, mtu huyo huyo atahitaji kulazwa.

Fedha nazo zishughulikiwe mapema, na kwa makubaliano yaliyofanywa mgonjwa akiwa mzima. Katika mania mtu huuza machungwa ya shamba la Muheza yangali maua, huweka rehani ngalawa, hukopa kwenye simu mikopo minne kwa usiku mmoja, hugawa vitu vya ndani kwa wapita njia. Kwa hiyo kaeni chini wakati wa uzima muandike karatasi moja: dalili zangu za mwanzo ni hizi, nikizionyesha, kaka yangu ashike kadi ya benki na laini ya simu yenye fedha, nisiruhusiwe kusaini mauzo yoyote kwa siku 30, nipelekwe kituo fulani, fulani ndiye anayeniambia nikamsikia. Mgonjwa asaini, na nakala iwekwe kwenye jalada lake hospitali. Karatasi hiyo humlinda mgonjwa, tena huwalinda ndugu wasiitwe wezi na mtu wanayemhangaikia.

Mania ikishapanda juu, kubishana hakufai. Akisema yeye ni mtume, au ameoteshwa hazina iliyozikwa Mapango ya Amboni, msimcheke na msimkubalie. Semeni lililo kweli kwenu, kwa sauti ndogo na maneno machache: "Kaka, usiku wa tatu huu hujalala, mimi naogopa. Twende pamoja, nitakaa na wewe." Aseme mtu mmoja, si ukumbi mzima. Watoto watolewe chumbani, visu na mapanga yawekwe mbali, mlango usizibwe na mtu. Wengine katika hali hii hawana furaha hata kidogo. Wana hasira tupu, wanawaka kwa neno dogo, na familia haifikirii mania kwa sababu imeambiwa mania ni kucheka na kuimba.

Kuhusu kamba tunasema kwa uchungu. Kamba iliyokazwa mkononi kwa saa kadhaa huumiza mishipa ya fahamu, kiganja kikalegea kwa miezi au daima. Mtu anayepambana na kamba juani bila maji, misuli yake huumia kiasi cha kuharibu figo. Mtu wa hatari kwa wenzake ashikwe kwa mikono na watu wa kutosha, wakati wa safari tu, apewe maji njiani, asilazwe kifudifudi na wala asikaliwe kifuani. Anzieni kituo cha afya kilicho karibu; wao wataandika rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mkoa wetu pia una hospitali ya akili ya Lutindi, wilayani Korogwe, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mkifika, takeni vipimo vifanyike. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, VVU, kaswende ya muda mrefu, tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, na vidonge vya prednisoloni vinavyotumiwa kwa pumu au maumivu ya viungo, vyote huweza kumfanya mtu aonekane ana mania. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 50 au zaidi, au mwenye homa, atafutiwe sababu ya mwilini kwanza.

Kuna jambo moja huwatoa watu wodini wakakimbilia kwa mganga. Mgonjwa amechomwa sindano ya kutuliza, haloperidoli, ametulia, halafu saa chache baadaye, au kesho yake, shingo inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu, ulimi unatoka. Ndugu husema jini limepanda. Hilo ni dhara la dawa linalojulikana, huwapata zaidi vijana wa kiume, na huondoka kwa sindano au kidonge, benzheksoli au promethazini, mara nyingi ndani ya saa moja. Mwiteni muuguzi. Kama mko nyumbani, rudini hospitali hiyo hiyo na semeni maneno haya: "Shingo imepinda baada ya sindano." Na kama taya linabana au anashindwa kumeza au kupumua, msisubiri kuche.

Sonona ya baipola haina kelele, kwa hiyo huonewa. Nyumba nzima inashukuru kwamba ametulia, kumbe amezama. Analala kwa muda wa saa 12, au anaamka saa tisa usiku asirudi kulala. Chakula hakina ladha. Hajaoga siku nne. Anasema yeye ni mzigo. Wanamwita mvivu. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa baipola hupoteza siku nyingi zaidi za maisha yao katika sonona kuliko katika mania, na hatari kubwa ya kujiua iko upande huu, hasa majuma ya kwanza baada ya mania kushuka, pale mtu anapofungua macho akaziona aibu na madeni. Muulizeni waziwazi: "Dada, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi mtu wazo jipya, humpa mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, dawa zote za nyumbani na za shambani zifungiwe na funguo akae nazo mtu mwingine, na mfike hospitali siku hiyo. Dawa zake apewe za wiki moja moja.

Hapa ndipo kuna kosa linalotusumbua kuliko mengine. Mtu mwenye sonona hununua amitriptilini dukani, au huandikiwa fluoksetini, akamezeshwa peke yake bila kuulizwa yaliyopita. Kama sonona yake ni ya baipola, dawa hiyo ikiwa peke yake inaweza kumrusha kwenye mania ndani ya majuma machache, au kumfanya apande na kushuka mara nyingi zaidi. Swali la kumkinga ni moja na halihitaji mashine: "Je, umewahi kukaa siku kadhaa ukilala kwa muda wa saa 3 au 4 tu, hukuchoka, na watu wakasema umebadilika?" Muulizeni na mama yake, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huzikumbuka siku zile kama siku zake bora. Wauzaji wa maduka ya dawa, tunawaomba: amitriptilini isiuzwe kwa kusimuliwa. Mwenye sonona ya baipola hutibiwa kwa dawa kama kuetiapini, lamotrijini, au lithiamu, na dawa ya sonona ya kupandisha mhemko ikitumika huwa na mlinzi pembeni yake, yaani dawa ya kuzuia mania.

Lithiamu inastahili nafasi yake. Daktari John Cade wa Australia aliitangaza kuwa tiba ya mania mwaka 1949, na hadi leo kuna dawa chache zinazoifikia kwa kuzuia vipindi visirudi na kwa kupunguza vifo vya kujiua. Lakini ni chumvi, na mwili huichanganya na chumvi ya kawaida, na mwanya kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni mwembamba. Kwa hiyo hupimwa. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: umemeza saa 3 usiku, damu itolewe saa 3 asubuhi, kabla ya kumeza nyingine. Kwa mtu anayejikinga, kiasi kinachotafutwa mara nyingi ni milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Ikipita 1.5 ni hatari, na kwa wazee hatari huanza chini ya hapo. Mwanzoni hupimwa kila wiki hadi itulie, kisha kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Figo na tezi la shingo hupimwa kabla ya kuanza na kila miezi 6. Mahali ambapo maabara haiwezi kupima, daktari mwangalifu atachagua dawa nyingine, na ndugu wasimlaumu kwa hilo.

Sumu ya lithiamu huanza hivi: mikono iliyokuwa ikitetemeka kidogo sasa inamwaga chai, kuharisha, kutapika, kupepesuka, ulimi kuwa mzito kama wa mlevi. Msimpe dozi inayofuata. Mpelekeni hospitali saa hiyo. Kinachosababisha mara nyingi si kumeza vidonge vingi. Ni maji na chumvi kupungua mwilini: kuharisha, homa, kazi ya jua kali kwenye mashamba ya mkonge, au mtu aliyeambiwa ana presha akaacha chumvi ghafla. Figo zikikosa chumvi hushika lithiamu badala yake. Kula chumvi yako ya kila siku, usiongeze wala usipunguze ghafla, na kunywa maji lita 2 hadi 3. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa kwetu huchomwa na kumezwa kwa kila kiuno kinachouma, hupandisha lithiamu; tumia parasetamoli. Vidonge vya presha vya kukojoza kama haidroklorothiazidi, na vile vya enalaprili, lisinoprili na losartani, hufanya vivyo hivyo. Usiache vya presha kwa hofu. Mwambie daktari wako kuwa unatumia lithiamu, naye atapanga upya na kupima.

Ramadhani huleta matatizo mawili kwa pamoja, ukavu wa saa 13 na zaidi, na usingizi uliokatwa na tarawehe na daku. Anayetumia lithiamu aje kliniki mwezi wa Shaabani, si baada ya kufunga siku tano. Wengine hupangiwa dozi moja ya usiku na kupimwa katikati ya mwezi. Wengine, hasa walioyumba ndani ya mwaka huo, hushauriwa wasifunge. Sura ya Al-Baqara, aya za 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa, na masheikh wetu wanaijua vizuri kuliko sisi. Tunawaomba waitamke mimbarini wakiutaja na ugonjwa wa akili kwa jina, maana wagonjwa wengi wanaamini ruhusa ile ni ya wenye kisukari na vidonda vya tumbo tu.

Dawa nyingine mbili za baipola kwa ufupi, ingawa hatari zake si fupi. Karbamazepini hupunguza nguvu za vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, hivyo mwanamke huweza kushika mimba akiwa na kijiti mkononi, kitanzi hakiathiriki. Hupunguza pia nguvu za dawa mseto ya malaria na baadhi ya dawa za VVU, kwa hiyo kila anayekutibu aambiwe. Ukiota vipele na vidonda mdomoni, acha na kimbia hospitali. Valproeti isipewe msichana wala mwanamke anayeweza kushika mimba: kati ya watoto 100 waliokuwa tumboni mama akiimeza, takriban 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 hupata shida za kukua na kujifunza. Lakini aliyekwisha kushika mimba asiache chochote peke yake kwa hofu. Aje wiki hiyo hiyo.

Mama mwenye baipola anapojifungua, majuma mawili hadi manne ya mwanzo ni ya hatari. Katika wenye baipola yenye mania kamili, takriban mmoja kati ya watano hupata kipindi kikali baada ya kuzaa. Bibi na mashangazi wanaokuja kumlea mzazi wapangiwe zamu za usiku: mama alale angalau saa 5 au 6 mfululizo, mwingine ambembeleze mtoto. Mama akianza kusema mtoto si wake, au mtoto ana ujumbe, msimwache peke yake naye na msisubiri arubaini.

Wapo watakaokwenda kwenye rukia (kusomewa Kurani), kombe au maombi, na hatuandiki kuwazuia. Tunaomba mambo matatu tu kwa sheikh au mchungaji. Dua iwe mchana, usiku aachwe alale. Asifungishwe, hasa mfungo mkavu. Na asiambiwe aache dawa ili imani ipimwe. Lithiamu ikikatwa ghafla, mania huwa karibu sana miezi ya mwanzo. Hata pale daktari anapokubali iachwe, hupunguzwa kidogo kidogo kwa angalau majuma 4, na vizuri zaidi miezi 3. Mgonjwa anayesema "nimepona, sihitaji tena" anasema kweli nusu: amekuwa mzima kwa sababu anaimeza.

Na kwa wanaovunja posa wakisikia upande wa pili kuna mgonjwa: ni kweli ugonjwa huu hufuata damu, lakini watoto wengi wa mzazi mwenye baipola, yapata 90 au zaidi kati ya 100, hawaupati. Kinachowaumiza zaidi ni kufichwa kwake, kwa sababu mtoto aliyefichwa hajui kwamba usiku wa saa 3 za usingizi una maana kwake.

Mnapokuja kliniki, leteni daftari, pakiti tupu za dawa zote pamoja na za presha na za maumivu, na mje na mtu anayelala nyumba ile. Si mjomba mwenye cheo aliyetoka mjini asubuhi. Yule anayesikia mlango ukifunguliwa saa tisa usiku.

Wenu,
Matabibu na wauguzi wa afya ya akili,
Tanga